Kambi Yetu Ilikuwa Rabat: Shajara ya AFCON ya Moroko

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Ndege ilitushusha Casablanca, lakini hatukulala Casablanca. Huo ndio ulikuwa ubishi wangu na shemeji tangu droo ichezeshwe Rabat, Januari 27, tukapangwa Kundi C na Nigeria, Tunisia na Uganda. Yeye alitaka tuweke kambi Casablanca kwa sababu ndege zinashukia pale, mji ni mkubwa na chakula cha usiku hakikosekani. Mimi mwanzoni nilikuwa nimeikodolea macho Fès. Mechi ya kwanza, ile ya Nigeria, ilikuwa huko, na vyumba vya mji wa kale vilionekana vya bei nafuu.

Ratiba ndiyo iliyotuamua. Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, ilikuwa na mechi moja Fès na mbili Rabat. Mashindano yote yana viwanja tisa katika miji sita, na vinne kati ya hivyo viko Rabat. Ukikaa Rabat, hata siku ambayo timu yako haichezi kuna mtu anacheza jirani. Nikaenda mbele zaidi nikasoma mstari ambao shemeji aliucheka: mshindi wa Kundi A angecheza 16 bora hapohapo Rabat, dhidi ya mshindwa bora, yaani mmoja wa washika nafasi ya tatu waliofanya vizuri zaidi, kutoka kundi la C, D au E. Na Kundi A lilikuwa la wenyeji. Nikamwambia, "Shemeji, sisi si Nigeria. Tukivuka, tutavuka kwa mlango wa uani, na mlango wenyewe uko Rabat."

Akaniambia nina roho ya kimaskini. Lakini akalipa nusu yake ya pango.

Kutoka uwanja wa ndege kuna treni hadi stesheni ya Casa Voyageurs, unabadilisha, na saa moja baadaye uko Rabat Agdal. Tumechagua mtaa wa Agdal badala ya kule katikati, karibu na mnara wa Hassan, kwa sababu ya stesheni. Al Boraq, ile treni ya kasi inayokimbia kilomita 320 kwa saa kwenda Tangier, inasimama Agdal na si Rabat Ville. Treni ya Fès nayo inapita hapa. Tramu iko mtaa wa pili. Mtalii atakwambia katikati ya mji kuna mandhari nzuri zaidi, na atakuwa sahihi. Sisi tumefuata mpira.

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, kila mtu hapa mtaani anamwita Haji, nasi tukamwita hivyohivyo. Shemeji kazaliwa Kigoma na kafanya biashara Bujumbura miaka mingi, Kifaransa chake kinatosha kwa bei, kwa siasa na kwa mpira. Haji alituonyesha mtungi wa gesi wa kuchemshia maji bafuni, akauwasha na kuuzima mara tatu mbele yetu, kisha akamtaka shemeji naye auwashe na kuuzima. Mimi hakuniamini nao.

Jumapili, 21 Desemba

Mvua tangu mchana. Moroko na Komoro wamefungua mashindano usiku kwenye uwanja mkuu wa Prince Moulay Abdellah, ule wa watu karibu 70,000. Tiketi hatukuwa nazo. Tukaenda mkahawani kwenye barabara ya nyuma, wanaume watupu, kila mmoja na glasi moja ya chai ya nanaa inayodumu mechi nzima.

Tulikuwa upande wa Komoro, tukajinyamazia. Wale ni ndugu zetu wa visiwani. Moroko walipokosa penalti mapema, shemeji alikanyaga mguu wangu chini ya meza ili nisipige kelele. Kipindi cha pili Brahim Díaz akafunga, halafu Ayoub El Kaabi akapiga tikitaka iliyotunyanyua vitini hata sisi. Mbili bila.

Mhudumu alipojua tunatoka Tanzania alisema neno moja tu: "Msuva!" Kisha akamwita mwenzake wa jikoni, naye akatoka na mikono ina unga. Simon Msuva kacheza hapa miaka, Difaâ El Jadida halafu Wydad Casablanca, na wanamkumbuka. Nilikuja nikiamini tutajitambulisha kwa Mlima Kilimanjaro. Kumbe kadi yetu ni winga wa Stars.

Jumatatu, 22 Desemba

Siku ya kujifunza mji, maana mechi ya kwanza ni kesho na hatutaki kupotea tukiwa na haraka.

Teksi ndogo za Rabat ni za bluu. Zina mita, zinabeba abiria watatu mwisho, na dereva ana haki ya kuokota mwingine njiani anayeelekea upande wako. Saa mbili usiku ikipita, nauli inapanda kwa nusu. Hilo la mwisho ndilo la kuandika ukutani kama unapanga safari ya mpira, kwa sababu mechi nyingi zinaisha usiku. Wakati wa kwenda utalipa nauli ya kawaida, wakati wa kurudi utalipa nauli ya usiku ukiwa umegombea gari na watu elfu ishirini.

Tukavuka kwa tramu hadi Salé, ng'ambo ya mto Bouregreg. Vyumba vya Salé ni nafuu na tulikutana na vijana wa Kongo wamepanga huko, wanne chumba kimoja. Hesabu yao haikuwa mbaya hata kidogo. Tatizo lao ni viwanja, vyote viko upande wa Rabat, na daraja likijaa wanatembea.

Baridi. Si ya nje, nje kuna jua. Ni ya ndani ya nyumba. Sakafu ni vigae, kuta ni vigae, na hakuna kinachopasha joto. Haji kaleta blanketi zito kama godoro, na bado shemeji kalala na soksi na kofia ya Simba.

Jumanne, 23 Desemba, Fès

Treni ya asubuhi. Ilipita Kenitra, Sidi Kacem, Meknès, mashamba ya kijani na mizeituni mpaka Fès. Behewa lilikuwa nusu Wanigeria. Wao walikuwa na mechi zote tatu Fès, kwa hiyo wengi kambi yao ilikuwa huko na hawa walikuwa wametoka tu kutalii Casablanca. Wametulia kama watu wanaokwenda kuchukua mzigo wao bandarini. Mmoja alituuliza tumepanga hoteli hadi lini. Nikamwambia hadi Januari. Akacheka kwa adabu.

Tulikodi chumba cha usiku mmoja mji mpya, karibu na stesheni, mizigo tukaiacha Rabat. Shemeji alilalamika kwamba tunalipia vitanda viwili usiku mmoja, na ni kweli. Lakini mechi ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, uwanja uko nje ya mji upande wa barabara ya Sefrou, na mimi sitaki kuwa mtu anayeangalia saa dakika ya 80 akihesabu treni.

Nigeria walianza kufunga, Semi Ajayi kwa kichwa, dakika ya 36. Dakika ya 50 Charles M'Mombwa, kijana aliyekulia Australia, akasawazisha. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, Mmoroko mwenye skafu ya Stars aliyoinunua mlangoni, na tulikuwa bado hatujaachiana Ademola Lookman alipopiga la pili. Dakika mbili tu. Yule Mmoroko aliniachia taratibu, kama mtu anayemwachia mfiwa.

2-1. Waliokuja na matumaini makubwa walinuna. Mimi nilitoka nikiwa na bao moja mfukoni, na katika mashindano ambayo washindwa wanne bora wanapita, bao ulilofunga kwenye mechi uliyopoteza si kitu cha kutupa.

Jumatano, 24 Desemba

Kabla ya treni tuliingia mji wa kale kwa lango la Bou Jeloud. Punda wana haki ya njia kuliko binadamu. Tulifika hadi nje ya Al-Qarawiyyin, iliyoanzishwa mwaka 859, tukachungulia ua wake, tukapotea, tukalipa kijana kututoa. Mji mzuri sana kuutembelea. Kama kambi ya mpira ungenitesa, maana huwezi kuingiza gari mpaka mlangoni, na usiku wa manane baada ya mechi usingeipata njia yako bila huyo kijana.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi, hakuna mechi. Shemeji ni Mkatoliki, akaenda misa kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, lile jeupe lenye minara miwili katikati ya Rabat. Alirudi na namba za simu za Afrika nzima. Anasema waumini ni wanafunzi na wahamiaji kutoka Kameruni, Kongo, Ivory Coast, na wimbo wa kutoka uliimbwa kwa ngoma. Amekutana na mama mmoja wa Bukavu anayeongea Kiswahili, ameishi hapa miaka mingi, akatualika chakula. Tulikula ugali wa unga wa ngano laini, samaki, na mboga ambayo hakuna aliyeijua jina lakini ilipikwa kama sombe, yaani kisamvu. Watoto wake wanaongea Kiarabu cha hapa na Kifaransa, wanasikia Kiswahili bila kukijibu.

Huyo mama alituambia jambo ambalo hakuna ramani ingetuambia: tukitaka tiketi za mechi za Kongo tusihangaike mapema, lakini 16 bora ikimkutanisha mtu na Moroko, tununue siku hiyohiyo matokeo yakitoka, hata kama ni usiku. Baada ya hapo ni bei za vichochoroni.

Jumamosi, 27 Desemba

Uganda na Tanzania, uwanja wa Al Medina. Mechi hii tungeweza kuicheza Bukoba tukaokoa nauli, ndivyo alivyosema Mganda mmoja tuliyepanda naye tramu. Anakaa Casablanca, kambi yake ni chumba cha binamu yake, bure. Kila mechi anapanda treni saa moja kuja, saa moja kurudi. Bure ina nguvu zake, siwezi kumlaumu, ila nilimwona dakika ya 85 anaanza kutazama simu.

Msuva alifunga kwa penalti kipindi cha pili. Unajua tayari nani alishangilia: mashabiki wa nyumbani nyuma yetu waliimba jina lake kuliko sisi. Dakika ya 80 Uche Ikpeazu akarudisha kwa kichwa. Halafu, katika dakika za nyongeza, penalti kwa Uganda. Mganda wetu aliacha simu. Allan Okello akapiga, mpira ukapaa juu ya mtambaa wa panya na kwenda zake.

1-1. Tulirudi kwa miguu mpaka Agdal, sote watatu, hakuna aliyejua acheke au alie. Tuna pointi moja na mabao mawili. Mganda alikosa treni yake akalala sebuleni kwetu.

Jumapili na Jumatatu, 28 na 29 Desemba

Kufua, kulala, hesabu. Nilijaza kurasa mbili za daftari. Jumatatu usiku zilibaki mstari mmoja: Angola wametoka 0-0 na Misri, wamemaliza na pointi mbili, mabao mawili ya kufunga. Komoro wamemaliza na pointi mbili pia, hawajafunga hata moja. Sare moja tu na Tunisia, yenye bao, inatosha, ilimradi Uganda wasiwafunge Nigeria. Nilimwonyesha Haji. Alivaa miwani, akapitia kila namba kwa kidole, akasema nimekosea kuandika Mali. Kweli nilikuwa nimeandika Malawi.

Jumanne, 30 Desemba

Hii ndiyo siku niliyoilipia.

Saa kumi na moja jioni, Uwanja wa Olimpiki, uliopo ubavuni mwa uwanja mkuu. Tunisia wakatangulia kwa penalti ya Ismaël Gharbi kabla ya mapumziko. Shemeji akasema anakwenda kununua chai na hatarudi. Alirudi. Kipindi cha pili kilikuwa na dakika tatu tu Feisal Salum alipoachia shuti ambalo kipa wa Tunisia angetamani kulirudia, na likaingia.

Sasa, mimi ni Yanga. Feisal huyo, Fei Toto, aliondoka kwetu kwenda Azam mwaka 2023 kwa kelele ambazo hazijatulia masikioni mwangu hadi leo. Niliapa mambo fulani wakati ule. Yote nimeyafuta pale Rabat, kwenye kiti chenye maji, nikiimba jina lake na shabiki wa Simba akinirekodi kwa simu ili anitumie kila nikijitapa.

Ikabaki 1-1. Uganda walikuwa wanalala 3-1 kwa Nigeria kule Fès. Pointi mbili, mabao matatu: M'Mombwa, Msuva, Fei. Angola pointi mbili, mabao mawili. Tofauti ya mabao tunalingana nao, bao moja la ziada ndilo limetuvusha. Tumeshiriki 1980, 2019, 2023, na hii. Hatujawahi kushinda mechi hata moja, hadi sasa hivi ninavyoandika, na tuko 16 bora kwa mara ya kwanza. Watu watasema ni aibu kuvuka hivyo. Waseme. Kanuni haikuandikwa na sisi.

Saa mbili usiku tulikuwa Al Medina kwa mechi ya Kongo na Botswana. Timu mbili za watu wetu, jioni moja, mji mmoja. Kongo walishinda 3-0, Gaël Kakuta akafunga mawili. Lakini nitakachokumbuka ni yule shabiki wao anayesimama kama sanamu ya Patrice Lumumba: suti, tai, miwani, mkono wa kulia juu, hatikisiki. Bao likaingia, watu wote wanarukaruka, vuvuzela, ngoma, na yeye hata kope. Nilimtazama yeye kwa muda mrefu kuliko mpira. Mapumziko alipoteremka, kijana mmoja alimkanda bega.

Tiketi za mechi ya Moroko tulinunua usiku huohuo, tukiwa bado uwanjani, kwa kufuata neno la yule mama wa Bukavu.

Jumapili, 4 Januari 2026

Rabat nzima nyekundu. Teksi hazikutaka kwenda upande wa uwanja, tukatembea kutoka Agdal na mto wa watu. Tulikuwa kundi dogo la bluu na njano, na njia nzima watu walitugawia tende, walitupiga picha, walitutakia tufungwe salama. Mzee mmoja alimwona shemeji na kofia ya Simba akamwambia "Berkane." Ni hivyo tu. RS Berkane, klabu ya Moroko, waliwanyang'anya Simba Kombe la Shirikisho kwenye fainali ya mwezi Mei, 2-0 kwao na 1-1 Zanzibar. Shemeji alimpa mkono, mkono wa mtu aliyekubali yaishe.

Na kwa kweli Moroko wametuzoea. Walitufunga 3-0 AFCON iliyopita, 2-0 Oujda mwezi Machi, na 1-0 kwa Mkapa kwenye robo fainali ya CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti. Leo kocha wetu Gamondi aliwapanga vijana vizuri, wakaziba, wakatoka kwa kasi, na hadi mapumziko ubao ulikuwa 0-0 na uwanja ulikuwa umeanza kunung'unika. Uwanja mzima ukinung'unika unausikia tumboni. Dakika ya 64 Hakimi akampa Díaz, naye kutoka pembe finyu kabisa akaingiza. Mwishoni tulidai penalti, mwamuzi akapeta.

1-0. Hatukulia. Wachezaji walipokuja upande wetu kupiga makofi, Wamoroko waliotuzunguka nao walisimama. Kutoka uwanjani hadi kitandani tulikwenda kwa miguu, na sikuona basi wala teksi hata moja iliyotupita.

Jumatatu, 5 Januari

Mizigo. Vijana wa Kongo wa Salé wamehamia chumba chetu kwa siku zilizobaki za pango, kesho wana Algeria uwanja wa Moulay Hassan. Haji aliwapa somo la mtungi wa gesi, mara tatu kila mmoja.

Kisha akaketi na sisi, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. Mwaka 2027 AFCON ni yenu, Tanzania, Kenya na Uganda. Yeye na mwanawe wanataka kuja. Waweke kambi wapi?

Nilichukua lile daftari nikachora. Dar, uwanja wa Mkapa. Zanzibar. Arusha, uwanja mpya unajengwa. Nairobi, Kasarani na ule wa Talanta unaojengwa. Kampala, Namboole. Hoima, kule magharibi. Akaniuliza mistari ya treni iko wapi. Nikachora Dar hadi Dodoma, ya umeme. Nikachora Mombasa hadi Nairobi. Akaweka kidole katikati ya mistari miwili, akangoja niiunganishe. Sikuwa na cha kuchora.

Shemeji akasema Dar, kwa sababu kuna bahari na pweza. Mimi nikasema asubiri droo kwanza. Lakini kama anataka kulipa pango mapema bei zikiwa chini, Arusha. Nairobi kwa basi kupitia Namanga anaondoka asubuhi anafika mchana, Dar ana ndege ya saa moja, na akiwa hana mechi ana mlima na wanyama. Kampala na Hoima azione kwenye televisheni, labda Moroko wapangwe huko, hapo ni hesabu nyingine kabisa.

"Na baridi?" akauliza.

Nikamwambia Juni na Julai Arusha kuna baridi, aje na lile blanketi.